Mwalimu wa Sosho na Swali la Kwao

Jina lake sitaliandika. Siku za mwisho lilitajwa sana na watu wa pande mbili waliokuwa wakivutania mwili wake, na nililisikia mpaka likawa kama jina la shamba lenye kesi. Sisi wanafunzi tulimwita Mwalimu. Vijana wa kompyuta walimwita Sosho, kwa sababu hilo ndilo somo alilofundisha: Utangulizi wa Sayansi ya Jamii, katika chuo cha kati pale Ruiru, juu ya duka la vyuma.

Alipokufa, ndugu zake kutoka magharibi walitaka azikwe kwao. Binti wa mkewe alitaka azikwe Kalimoni, kando ya mama yake. Hakuacha wosia. Lakini mimi nilikuwa nimemtembelea muda mfupi kabla hajalazwa, na alikuwa ameniambia neno juu ya jambo hilo, kwa hiyo wote wakanigeukia. Nilisema nilichoambiwa. Nitafika hapo. Kwanza nataka aonekane alivyokuwa, maana kwenye mazishi watu walimsifu hadi akawa mtu mwingine.

Chuo chetu hakikuwa na uwanja wala lango. Kilikuwa na ngazi. Ukipanda ngazi ya kwanza ulifika saluni ya mafunzo, ukipanda ya pili ulifika kwetu. Chini yetu walikata vyuma tangu asubuhi, na Mwalimu alikuwa amezoea hata akaweza kusimamisha neno katikati. Alisema "mamla," mashine ikalia, akangoja huku kinywa kikiwa wazi kidogo, mashine ikanyamaza, akasema "ka," akaendelea. Wageni waliomsikia mara ya kwanza walidhani ni mgonjwa.

Mimi nilijiunga nikiwa mtu mzima. Nilikuwa nimemenya nanasi kiwandani Thika mpaka zamu zikapunguzwa, kisha zikaisha. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne chenye alama ambazo hakuna mwajiri aliyewahi kuniomba nizisome kwa sauti. Nikaingia masomo ya maendeleo ya jamii, ya Jumamosi. Wenzangu walikuwa wadogo kiasi cha kuniita Mathe, na Mwalimu aliniita Mama Njoki, kwa jina la kifungua mimba wangu, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Somo lake lilikuwa la lazima kwa kila mtu: wa kompyuta, wa upishi, wa saluni. Wa saluni ndio waliolipinga zaidi. Kiongozi wao alikuwa Wangari, msichana wa Ruiru mwenye sauti ya kuuza mitumba, ambaye leo ana saluni yake mwenyewe.

"Mwalimu," Wangari alisema, "mimi nilikuja kusuka nywele. Hii Sosho itanisaidia na nini kwa kichwa cha mtu?"

"Utakishika siku nzima," Mwalimu akasema. "Ni vizuri ujue kuna nini ndani."

"Kuna nini?"

"Majirani."

Wangari alikaa chini. Wiki nzima alikuwa akituuliza yule mzee alimaanisha nini, na hakuna aliyejua, lakini sasa ana saluni na anasema anajua.

Somo la kwanza kila muhula lilikuwa lilelile. Aliingia, akatundika koti kwenye kiti, akamuuliza kila mtu kwao ni wapi. Tukajibu: Murang'a. Nyeri. Kakamega. Kitui. Murang'a tena. Aliandika yote ubaoni. Kisha akauliza ni nani aliyelala huko wiki hiyo. Hakuna. Ni nani aliyezaliwa huko? Wachache. Wengi walizaliwa Thika, na Murang'a waliijua kwa Krismasi na kwa mazishi. Kijana mmoja wa kompyuta ndiye pekee aliyesema, "Mimi ni wa Juja tu, Mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. "Wee! Juja hakuna mtu wa Juja!" "Juja ni ya wanafunzi na malandilodi!"

Mwalimu hakucheka. Aliandika Juja, akaizungushia mstari, akasema hilo ndilo jibu la kwanza asubuhi hiyo lililotokana na kutazama. Wangari akainua mkono.

"Na wewe, Mwalimu? Kwenu ni wapi?"

"Kipindi kimeisha," akasema.

Kipindi kilikuwa hakijafika nusu. Alichukua koti, akashuka ngazi, nasi tukabaki tukitazama ubao.

Koti lenyewe lilikuwa la kahawia, na alilipenda kuliko ilivyostahili. Alilipiga pasi mwenyewe. Aliwafundisha wanafunzi kwamba mavazi ni lugha ya tabaka, na kwamba mtu mwenye akili haangalii nguo ya mwenzake. Siku mvulana mmoja alipomwagia koti hilo chai, Mwalimu hakusema naye mpaka mwisho wa muhula. Hilo nalo aliligeuza somo, lakini si kwa mvulana yule.

Kulikuwa na mambo mengi ya namna hiyo. Watu wa kwao wana desturi kwamba firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba, na mke akimnyima mumewe firigisi anaweza kuitiwa wazee. Mwalimu alitufundisha desturi hiyo kipindi kizima. Alisema ni mamlaka yaliyofichwa ndani ya kuku. Alisema watu huanza na firigisi wakaishia kwenye shamba. Wasichana walimpigia makofi. Mwaka huohuo tulimwalika kwenye chakula cha kuaga, na wa upishi, ambao ni watu wa Nyeri na hawana habari, walikuwa wameikaanga firigisi pamoja na maini wakaila jikoni. Mwalimu alifunua sahani yake, akageuza vipande kwa uma, akafunika tena.

"Mwalimu, huli?"

"Nimeshiba."

"Si hata hujaanza!"

"Nimeshiba," akasema, akanywa soda peke yake.

Nilimkumbusha jambo hilo miaka kadhaa baadaye. Alisema kujua kwamba kamba ni ya kutengenezwa na watu hakukuondolei kamba shingoni. Kisha akaniomba nisimweleze mtu yeyote kuhusu ile soda. Sasa nimeeleza.

Kazi za nyanjani ndizo alizojulikana nazo. Hakupenda tuende na maswali yaliyochapwa. Alitaka tukae mahali tutazame, na mahali alipopapenda zaidi palikuwa kwenye kamati ya matanga ya mtu tusiyemjua. Mtu akifa huku kwetu, watu hukutana kwake kila jioni kupanga mazishi, na yeyote akiingia hupewa kiti. Mwalimu alitaka tuangalie ni nani anakaa karibu na meza, nani anapewa chai kwanza, na nani anasimama kusema kwamba hana mengi ya kusema.

Vijana wawili wa upishi walikwenda kwenye matanga ya Ngoingwa. Walikuwa wakae nyuma watazame. Mwenyekiti akawaomba wageni wajitambulishe. Wakasema wanatoka chuo fulani cha Ruiru, idara ya upishi. Kikao kikapiga makofi, kikamshukuru Mungu, na kabla chai haijamalizika vijana wale walikuwa ndio wasimamizi wa chakula cha waombolezaji. Hakuna mtu anayekataa kazi kwenye matanga. Walipika pilau siku ya mazishi ya mtu ambaye hawakuwa wakijua hata sura yake, na walirudi darasani bila ukurasa mmoja. Mwalimu aliwapa alama za chini kuliko wote.

"Mwalimu! Na tulilisha watu wote!"

"Chakula kilikuwa kizuri?"

"Kilisifiwa hadi na pasta."

"Basi mwende kwa mwalimu wa upishi awape alama. Mimi niliwatuma mkaone. Mtu aliyeshika mwiko haoni."

Mama yangu alipofariki, Mwalimu alikuja jioni zote. Hakukaa nyuma kutazama. Alipanga viti watu wakija na kuvikusanya watu wakienda, na hakusema neno lolote juu ya desturi zetu, ijapokuwa wajomba zangu waligombana mbele yake kwa namna ambayo ingemtosha muhula mzima.

Hakuwa mpole. Kuna msichana aliyeandika kwamba alikulia katika familia ya kawaida, na Mwalimu akapiga mstari mwekundu chini ya "familia ya kawaida" akaandika pembeni: Iko wapi? Msichana yule alilia darasani, kwa sababu baba yake alikuwa ameondoka nyumbani mwezi huo. Mwalimu alisimama pale na chaki mkononi. Mwishowe akampa ile chaki. Hakusema pole. Alijua kueleza pole ni nini katika jamii, inatolewa na nani na kwa nani, lakini kuisema alikuwa hawezi. Msichana alishika chaki ile mpaka kengele ikalia.

Sheria yake kubwa ilikuwa juu ya maneno ya watu. Wangari alimhoji mama muuza mboga sokoni Ruiru, akaleta kazi safi kabisa. Mwalimu akaisoma mbele yetu.

"Huyu mama alisema 'changamoto kuu ni ukosefu wa mtaji'?"

"Alimaanisha hivyo."

"Alisema nini?"

Wangari akatazama dirisha. "Alisema jua linamkaushia sukuma, na huyo mwanamke wa kibanda cha pili ni mchawi."

"Andika hivyo."

"Aki Mwalimu, hiyo si ya kuandikwa!"

"Hiyo ndiyo ya kuandikwa. Ya kwako hii hata kasuku angeisema. Mtu akikuambia kitu, umekabidhiwa. Si chako kukipiga pasi."

Lakini mwenyewe hakukabidhi mtu yeyote kitu. Kikundi chetu kiliwahi kumchagua yeye kuwa mhojiwa. Alikubali kwa heshima, akakaa, akatueleza jinsi alivyokuwa mchuuzi wa mbuzi ujanani, akiwatembeza kwa miguu kutoka mnada hadi mnada, na jinsi mbuzi mmoja mweupe alivyomfundisha maisha. Tuliandika yote. Wangari alitokwa na machozi kwa ajili ya mbuzi yule. Mwalimu akatupa nusu ya alama, akatuambia hajawahi kuuza mbuzi maishani.

"Ulitudanganya!"

"Mngeuliza jirani," akasema.

Jirani mwenyewe asingejua mengi. Mwalimu aliishi Kalimoni, karibu na Juja, katika ploti ya mama mmoja mjane aliyeuza chakula kwa wanafunzi wa Juja. Waliishi pamoja miaka mingi kama mume na mke. Hakumtolea mahari, hawakuenda kanisani. Mama yule alikuwa mchangamfu, mnene, na alimwita Mwalimu kama sisi tu. Alimfundisha Kikuyu, na Mwalimu alikizungumza kama mtu anayevuka mto kwa mawe, akichagua pa kukanyaga. Walikuwa na binti wa yule mama nyumbani, aliyekuwa bado wa shule ya msingi Mwalimu alipofika, na ambaye Mwalimu alimlipia karo na kumpeleka kwa miguu kila asubuhi.

Mama yule alipokufa, alizikwa papo hapo kwenye ploti. Nilikuwepo. Msomaji wa tangazo la kifo, mzee wa kanisa, alitaja ndugu wa marehemu, shangazi, binamu, na binti mmoja. Kisha akafika kwa Mwalimu, aliyeketi mstari wa mbele na koti lake la kahawia. Akasita. Akasema, "na rafiki wa familia."

Mwalimu hakugeuza shingo. Jumamosi iliyofuata alikuja kazini. Alitufundisha kuhusu hadhi na jinsi inavyotolewa na watu wengine. Alisema mtu anaweza kuishi katika nyumba moja mpaka akajua kila bati linalovuja, na siku ya tangazo akawa rafiki. Hakusema ni nani. Mashine ilikuwa inalia chini, na siku hiyo hakuingoja. Alizungumza katikati ya mlio wake.

Muda si mrefu baada ya hapo kaka yake mkubwa alimtumia picha kwenye simu. Huko kwao, mwanamume mzima asiye na nyumba kwenye boma la baba yake ni shida kumzika. Lazima kwanza ajengewe, hata kama ni kibanda, ili siku ya mazishi atolewe ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ndugu zake walikuwa wamemwona anazeeka, wakamjengea. Chumba kimoja, mabati mapya, mlango wa bluu. Mwalimu alileta simu darasani, akaipitisha kila dawati.

"Hii," akasema, "ni nyumba ya mtu ambaye hajahamia."

Wengine walicheka, maana alisema kwa uso uleule wa kueleza tabaka. Alikwenda kuiona likizo ya Agosti. Tulitarajia akae huko hadi shule zifunguliwe. Wiki hiyohiyo nilimwona steji ya Juja, mkoba begani, akinunua ndizi.

Basi akaugua, akafa. Alikufa hospitalini, mchana, na binti alikuwepo. Ndugu zake walifika kesho yake. Kikao kilifanyika Kalimoni, nyumbani kwa binti, na ndugu zake wakakaa upande wa dirisha, majirani na wanawake wa kanisa upande wa mlango. Kaka mkubwa alikuwa mzee mrefu mwenye kofia na adabu nyingi. Mwili ulikuwa mochari, na pande zote mbili zilikuwa zimeshaambiwa kwamba kuna mwanafunzi aliyezungumza na marehemu.

Kabla sijaingia, Wangari alinivuta nyuma ya jiko.

"Mathe, sikiza. Sema alisema Kalimoni."

"Hakusema Kalimoni."

"Woi, Mathe! Kwani nani ataenda kumuuliza? Huyu msichana hana mtu mwingine. Huyu ndiye alimwosha, alimpikia uji, alimbeba choo. Hao wengine wamekuja na kofia."

"Najua."

"Alimaanisha hapa. Wewe mwenyewe unajua alimaanisha hapa."

"Sijui alimaanisha nini, Wangari."

Akaniangalia kama mtu anayeangalia kichwa kilichoharibiwa na dawa ya nywele. "Haya," akasema. "Endelea na Sosho yako."

Niliingia. Kaka mkubwa alisimama kunisalimu. "Mulembe, dada. Tumeambiwa ndugu yetu alikuachia neno. Tuambie kama alivyosema, tutalipokea."

Binti alikuwa ameketi karibu na sufuria ya chai. Hakunitazama. Alikuwa anatazama mikono yangu.

Nikasema, "Nilimuuliza anataka kuzikwa wapi. Akasema hajui."

Mtu mmoja nyuma alinong'ona, "Hajui nini?" akanyamazishwa.

Kaka mkubwa akakaa. Akasema, bila ukali, "Asiyejua hupelekwa kwao."

"Kwao ni hapa," binti akasema.

"Hapa alikuwa mpangaji, mama. Hatukatai mlimtunza."

"Mpangaji?"

"Alituambia amepanga chumba kwa mama mmoja mpishi. Miaka yote. Tulikuwa tukimwambia atuletee mwenye nyumba tumshukuru."

Binti akaweka kikombe chini. "Alikuwa mume wa mama yangu," akasema. "Alinipeleka shule. Kwetu alituambia nyinyi ndugu zake hamtaki kumwona, ndiyo maana haendi."

Mzee akavua kofia. Alikuwa na upara na alionekana mdogo bila ile kofia. "Sisi?" akasema. "Sisi tuliomjengea nyumba?"

Walizungumza alasiri yote. Sitadanganya kwamba walipatana vizuri. Kulikuwa na kelele, mwanamke mmoja wa kanisa aliondoka na kurudi, na jambo la mahari lilitajwa kwa namna isiyopendeza. Lakini walikuwa wamekaa katika chumba kimoja, jambo ambalo Mwalimu alilizuia kwa bidii maisha yake yote, na kila upande ulikuwa unamweleza mwenzake mtu ambaye mwenzake hakuwa akimjua. Mwishowe ndugu walishinda, kwa sababu walikuwa wengi, walikuwa wa damu, na hakukuwa na neno lake la kuwapinga. Neno hilo lingekuwa langu kulitoa. Kila mtu mle ndani alilijua hilo, binti kuliko wote.

Tulikwenda kwa basi la kukodi. Jeneza liliwekwa kwanza ndani ya chumba chenye mlango wa bluu, ili ihesabike kwamba amehamia. Kwenye ibada, kaka mkubwa alimshika binti mkono akamsimamisha mbele ya umati, akasema, "Huyu ni mtoto wetu. Ndugu yetu alitunyima habari zake." Watu wakaitikia. Binti alilia hapo kwa mara ya kwanza. Njiani kurudi alikuwa amepakata kuku hai aliyepewa na wale wazee, kuku huyo amefungwa miguu.

Nikikutana naye Juja ananisalimu. "Habari, Mama Njoki." "Nzuri, mama." Basi. Wangari anasema atapoa. Sina hakika, na sina haki ya kumharakisha. Watu wengine wananiambia Mwalimu alifanya makusudi, kwamba alijua akitaja upande mmoja watamtii na hawataonana kamwe, kwa hiyo akasema hajui ili wakae chini. Ni maelezo mazuri. Ningependa yawe kweli. Ila mimi nilikuwepo, na sikuona mtu anayepanga jambo.

Ilikuwa alasiri ya jua. Nilimkuta Mwalimu ameketi nje juu ya kigoda, koti limemzidi mwili, miguu ndani ya soksi mbili. Binti alikuwa kazini. Niliweka maziwa jikoni, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akaniuliza habari za nyumba ninazotembelea, maana mimi sasa ni mhudumu wa afya wa kujitolea mtaani kwetu. Nikamweleza. Akasikiliza macho yamefungwa.

"Wameanza kuniuliza," akasema ghafla.

"Nani?"

"Wote. Kaka anapiga simu Jumapili. Huyu mtoto naye ananiuliza kwa kutoniuliza."

"Unawajibu nini?"

"Nawaambia nitapona."

Tulijua wote wawili kwamba haponi. Nikasema, "Na mimi nikikuuliza?"

Kuku walipita, jirani akafungulia redio akaifunga, na kivuli cha paa kikafika kwenye viatu vyangu.

"Sijui, Mama Njoki," akasema.

"Hujui?"

"Nikiwa hapa nawaza huko. Nikifika huko, siku ya pili naulizia gari la kurudi. Nimekaa hapa kwenye kigoda tangu Pasaka nikijaribu kujua." Akafungua macho. Yalikuwa na maji, na hakuyafuta. "Watu wote wanaonekana kujua. Sijui wanajulia wapi."

Akauliza, "Wakikujia wewe?"

"Nitasema ulisema hujui."

"Watakasirika."

"Watakasirika."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Kisha akanyanyuka, akashika ukuta, akachukua jembe dogo lililokuwa hapo, na kunipeleka nyuma ya nyumba. Kaburi la mkewe lilikuwa limesakafiwa kwa saruji. Kando yake, upande wa kushoto, binti alikuwa ameacha nafasi ya kutosha mtu mmoja, amepanga mawe kuizunguka. Ndani ya mawe yale mlikuwa mmejaa marando ya viazi vitamu, ya kijani kibichi, yanatambaa hadi juu ya saruji.

"Aliacha hapa wazi," Mwalimu akasema. "Hakusema ni pa nini. Nami nikaona ardhi ya Kalimoni ilivyo ghali, haifai ikae bure."

Nikataka kulishika jembe. Akakataa. Alichimba akipumzika, akichimba akipumzika, koti limemwanguka bega moja, mpaka akapata vya kutosha. Akavikung'uta udongo kwa mkono, kimoja kimoja, akavitia kwenye mfuko nilioletea maziwa.

"Vya kwanza hivi," akasema. "Sijavionja."

Nilivichemsha jioni ileile. Vilikuwa vitamu, vikavu, vya kushikilia kooni hadi unywe chai. Njoki, mdomo umejaa, akaniuliza vimetoka shamba la nani.

Nikamwambia la Mwalimu.